Waya unaoona: Ultrasaundi yatafuta njia ndani ya mishipa ya damu iliyoziba

KILA siku, katika hospitali zenye mitambo ya kutibu moyo bila kupasua kifua, madaktari husukuma waya mwembamba kupitia mshipa wa kifundo cha mkono au wa kinena hadi kwenye moyo wa mgonjwa ambaye mara nyingi yu macho. Waya huo una unene wa milimita 0.36 tu, lakini tiba nzima huutegemea. Ukipita mahali palipoziba, puto na stenti nazo zitapita juu yake. Ukishindwa kupita, hakuna kifaa kingine kitakachopita. Na ukitoboa ukuta wa mshipa, tiba hugeuka kuwa dharura.

Pamoja na umuhimu huo wote, waya huo hauoni. Daktari hutazama kivuli chake kwenye picha ya eksirei na kutegemea hisia za vidole vyake. Kwa miongo kadhaa wahandisi na madaktari wamekuwa wakijaribu kuupunguza upofu huo kwa kutumia ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu. Wamefanikiwa kuyaingiza mawimbi hayo ndani ya mshipa wenyewe, lakini kwenye mrija unaofuata nyuma ya waya. Hatua inayotafutwa ni kukiweka kifaa hicho kwenye waya, ili kile kinachotangulia gizani ndicho kiwe kinachoona.

Mshipa unavyoziba

Msuli wa moyo hulishwa na ateri zinazochipuka kwenye shina la mshipa mkuu wa damu. Ateri ya kushoto hugawanyika katika matawi makuu mawili, na ya kulia huwa la tatu. Upana wa ndani wa matawi hayo, karibu na shina, kwa kawaida huwa milimita 3 hadi 4.

Ugonjwa huanza ndani ya ukuta wa ateri. Mafuta ya kolesteroli hujipenyeza katika tabaka la ndani, chembe za kinga huyafuata, na baada ya miaka mingi hujengeka mchanganyiko wa mafuta, nyuzi za kovu na madini ya kalsiamu yaliyo magumu kama jiwe. Wakati mwingine mchanganyiko huo hupasuka ghafla, damu ikaganda juu yake, na mtu akapata shambulio la moyo. Wakati mwingine njia huzidi kuwa nyembamba polepole hadi ikafungika kabisa.

Ateri ya moyo iliyofungika kabisa kwa miezi 3 au zaidi huwekwa na madaktari katika kundi la pekee. Utafiti uliofanywa Canada na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu asilimia 18 ya wagonjwa waliopigwa picha na kukutwa na ugonjwa wa ateri za moyo walikuwa na angalau ateri moja ya aina hiyo. Baadhi yao huishi kwa sababu vijishipa vidogo kutoka ateri jirani hupeleka damu kidogo upande wa pili wa kizuizi. Damu hiyo hutosha kuulinda msuli usife, lakini mara nyingi haitoshi mtu anapopanda ngazi au kubeba mzigo.

Hali kama hiyo huipata miguu, hasa kwa wavutaji wa sigara na wenye kisukari. Hapo hatari si maumivu ya kutembea pekee. Vidonda hukataa kupona, vidole huoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 19.8 duniani mwaka 2022. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Safari ya waya

Wazo la kufika moyoni kupitia mshipa lilianza kwa tendo la ujasiri lililoonekana kuwa wazimu. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingiza mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi moyoni, kisha akaenda kupigwa picha ya eksirei ili kuthibitisha. Alilaumiwa zaidi ya kusifiwa. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioiendeleza njia hiyo nchini Marekani.

Mwaka 1953 daktari Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alieleza mbinu rahisi ambayo hutumika hadi leo. Sindano huingizwa mshipani, waya hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, kisha mrija huvishwa juu ya waya na kusukumwa ndani. Tangu hapo waya ukawa mtangulizi, na vifaa vingine vyote vikawa wafuasi wake.

Januari 16, 1964, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, Charles Dotter alimhudumia mwanamke wa miaka 82 aliyekuwa na ateri nyembamba mno ya paja na vidole vya mguu vilivyoanza kuoza. Mgonjwa huyo alikuwa amekataa kukatwa mguu. Dotter alipitisha waya mahali palipokuwa pamebana, kisha akapitisha mirija inayoongezeka unene juu yake. Damu ilirudi mguuni, na mwanamke huyo aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili hadi alipofariki dunia kwa ugonjwa mwingine.

Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefanya kazi Zürich nchini Uswisi, aliibadili mirija hiyo kuwa puto dogo linalojazwa baada ya kufika. Maputo yake ya kwanza aliyatengeneza kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake. Septemba 16, 1977 alilitumia puto lake kwa mara ya kwanza kupanua ateri ya moyo ya mgonjwa wa miaka 38. Hata hivyo, puto hilo lilikuwa na kipande kifupi cha waya kilichofungwa kwenye ncha yake, hivyo daktari hakuweza kuliongoza vizuri penye kona na matawi.

Kasoro hiyo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. John Simpson na wenzake huko California walitengeneza puto linalopita juu ya waya ulio huru, wenye ncha iliyopinda kidogo. Daktari akizungusha sehemu ya nje ya waya kwa vidole, ncha hugeuka ndani ya moyo na kuchagua tawi. Mwaka 1986 Jacques Puel wa Toulouse nchini Ufaransa na Ulrich Sigwart wa Lausanne nchini Uswisi waliweka stenti za kwanza katika ateri za moyo wa binadamu. Hizo ni vijibomba vya wavu wa chuma vinavyoizuia ateri isijifunge tena.

Ufundi ulio ndani ya waya

Kwa macho, waya wa kuongozea hufanana na uzi wa gitaa. Ndani yake mna ufundi mwingi. Kiini chake huwa chuma cha pua au nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaorudia umbo lake baada ya kukunjwa. Kiini hicho hupungua unene kuelekea kwenye ncha, ambako huzungushiwa koili laini ya metali nzito inayoonekana kwenye eksirei. Juu yake hupakwa utando unaoteleza ukilowa. Urefu wa kawaida ni sentimita 180 au hivi, na upo wa sentimita 300 kwa kazi maalumu.

Waya huo hudaiwa mambo mawili yanayopingana. Unatakiwa uwe laini ili usitoboe ukuta wa mshipa, na uwe mgumu ili usukumike na kupenya. Zaidi ya hayo, mzunguko wa vidole vya daktari nje ya mwili sharti ufike kwenye ncha kwa usahihi, umbali wa zaidi ya mita moja, bila kuchelewa na bila kuruka. Nyaya za kazi ya kawaida hujipinda ncha zikisukumwa kwa uzito wa takriban gramu 1. Zile za kutoboa vizuizi sugu huhimili gramu 12 au hata zaidi. Kadiri ncha inavyokuwa ngumu, ndivyo inavyoweza kupita kwenye kizuizi, na ndivyo inavyoweza pia kupita mahali pasipotakiwa.

Picha inayoonyesha kivuli

Tangu Mason Sones wa Cleveland nchini Marekani aanzishe upigaji picha wa ateri za moyo mwaka 1958, eksirei pamoja na dawa ya rangi vimekuwa macho ya daktari wa moyo. Dawa ya rangi hujaza njia ya damu, na picha huonyesha umbo la njia hiyo.

Tatizo ni kwamba ugonjwa haumo njiani, umo ukutani. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo 136 ya watu waliokwisha kufariki. Waligundua kuwa ateri inayougua hutanuka kwa nje ili kuilinda njia ya damu, na kwamba njia hiyo huanza kubana pale tu uchafu unapokuwa umechukua takriban asilimia 40 ya eneo lililo ndani ya ukuta. Kwa maneno mengine, ateri inaweza kuonekana safi kwenye eksirei ilhali ukuta wake umejaa ugonjwa.

Penye kizuizi kamili tatizo ni kubwa zaidi. Dawa ya rangi haipiti, hivyo sehemu iliyofungika haionekani kabisa. Daktari huona mshipa ukikoma ghafla na kuanza tena mbele, kama barabara iliyofunikwa na maporomoko ya udongo. Katikati yake hana ramani.

Sauti inavyochora picha

Msingi wa ultrasaundi uliwekwa mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walipogundua kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake nacho ni kweli: zikipewa umeme hutikisika. Hivyo kipande kimoja cha fuwele huweza kutoa sauti na kisha kuusikiliza mwangwi wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Paul Langevin aliitumia kanuni hiyo kutafuta nyambizi baharini. Mwaka 1953, huko Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliielekeza kwenye moyo wa binadamu kutoka nje ya kifua.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri katika nyama za mwili kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mashine ikijua mwangwi umechukua muda gani kurudi, hujua ulikotoka. Mafuta, nyuzi na kalsiamu hurudisha mwangwi wa nguvu tofauti, na tofauti hizo ndizo huchorwa kama picha.

Sikio la binadamu husikia hadi mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Vifaa vya ndani ya mishipa hutumia mitikisiko milioni 20 hadi milioni 60 kwa sekunde. Katika mitikisiko milioni 40, wimbi moja lina urefu wa takriban milimita 0.04, ndiyo maana picha huweza kuonyesha mambo madogo yanayokaribia milimita 0.1. Gharama yake ni umbali. Sauti ya juu hufifia upesi, na hupenya milimita chache tu. Kwa ateri ya upana wa milimita 4, umbali huo unatosha.

Mwaka 1972 Nicolaas Bom wa Rotterdam nchini Uholanzi alieleza mrija wenye vipande 32 vya kutoa na kupokea sauti vilivyopangwa kwa duara kwenye ncha yake. Unene wake ulikuwa takriban milimita 3, hivyo ulifaa kwa vyumba vya moyo na si kwa ateri zake. Katika miaka ya 1980, daktari Paul Yock wa California alibuni njia ya kukizungusha kipande kimoja kidogo ndani ya mrija mwembamba. Kufikia mwishoni mwa muongo huo ateri za moyo za wagonjwa zilianza kupigwa picha kutoka ndani.

Hadi leo familia hizo mbili zipo. Katika moja, kipande cha sauti huzungushwa mara 1,800 kwa dakika na kutoa picha 30 kwa sekunde. Katika nyingine, vipande 64 vilivyotulia huwashwa kwa zamu kielektroniki. Unene wa mirija hiyo ni takriban milimita 1.

Ushahidi wa majaribio

Swali la msingi kwa mgonjwa si kama picha ni nzuri, bali kama inamsaidia. Katika jaribio la ULTIMATE lililofanyika China na kutangazwa mwaka 2018, wagonjwa 1,448 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, matatizo makubwa ya mshipa uliotibiwa yaliwapata asilimia 2.9 ya waliowekewa stenti kwa msaada wa ultrasaundi ya ndani, dhidi ya asilimia 5.4 ya waliotibiwa kwa eksirei pekee. Mwaka 2023 jaribio la Korea Kusini, lililohusu wagonjwa 1,639 wenye vizuizi vigumu na lililotumia picha za ultrasaundi au za mwanga, lilipata asilimia 7.7 dhidi ya 12.3.

Sababu haina muujiza. Daktari anayeona ukuta huchagua stenti ya kipimo kinachofaa, huiweka inapotakiwa kuanzia na kuishia, na hugundua mapema ikiwa haikufunguka vya kutosha. Mwaka 2024 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliipa picha ya ndani daraja la juu la mapendekezo kwa vizuizi vigumu, na mwaka 2025 mwongozo wa Marekani kwa wagonjwa wa shambulio la moyo ukafanya vivyo hivyo.

Jicho linalotazama pembeni

Hata hivyo, ultrasaundi iliyoleta mafanikio hayo ina mipaka miwili. Kwanza, hutazama pembeni. Huonyesha ukuta unaokizunguka kifaa, si kilicho mbele yake. Pili, hupita juu ya waya. Maana yake ni kwamba lazima waya uwe umekwisha kupita mahali pa hatari ndipo jicho lifike.

Kwa ateri iliyobana tu, hilo si tatizo kubwa. Kwa ateri iliyofungika kabisa, msaada huo huja ukiwa umechelewa. Waya unaweza kuiacha njia halisi na kuingia kati ya matabaka ya ukuta, ukaendelea kusonga huku kivuli chake kwenye eksirei kikionekana kiko mahali pake. Ukitoka nje kabisa ya mshipa, damu huweza kujaa katika mfuko unaouzunguka moyo na kuubana hadi ushindwe kupiga.

Madaktari wenye uzoefu, wengi wao wa Japani, wamebuni njia za kuizunguka kasoro hiyo. Ikiwa kuna tawi jirani na mdomo wa kizuizi, kifaa cha ultrasaundi huingizwa humo na kuonyesha kutoka pembeni mahali waya unapopaswa kuanza kutoboa. Waya ukipotea ndani ya ukuta, kifaa hicho huweza kupelekwa hapo ili kuuongoza waya wa pili kurudi njiani. Katika vituo vyenye wataalamu waliobobea, takriban vizuizi 9 kati ya 10 hufunguliwa. Mafanikio hayo yamejengwa juu ya mikono ya watu wachache waliofanya kazi hiyo miaka mingi, na ndiyo maana si rahisi kuyahamishia kila hospitali.

Kulihamishia jicho kwenye waya

Kwamba kifaa cha kupima kinaweza kutiwa ndani ya waya wa milimita 0.36 si ndoto. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na nyaya zenye kipima shinikizo la damu, kilichowekwa takriban sentimita 3 nyuma ya ncha. Daktari hulinganisha shinikizo kabla na baada ya mahali palipobana. Jaribio la FAME la mwaka 2009, lenye wagonjwa 1,005, lilionyesha kuwa waliotibiwa kwa kuongozwa na kipimo hicho walipata matatizo machache zaidi ndani ya mwaka mmoja, asilimia 13.2 dhidi ya 18.3, tena kwa kutumia stenti chache.

Kuchora picha, lakini, ni kazi nzito kuliko kupima shinikizo, na vikwazo vyake ni vya kimaumbile.

Kikwazo cha kwanza ni ukubwa wa jicho. Chombo chembamba cha sauti hutoa mwale unaotawanyika upesi. Kwa uso wa milimita 0.36 na mitikisiko milioni 40 kwa sekunde, mwale huanza kufunguka baada ya umbali unaokaribia milimita 1 tu, na picha hupoteza ukali.

Cha pili ni nyaya za umeme. Picha yenye maana huhitaji vipande vingi vya sauti, na kila kipande kikidai uzi wake wa umeme, nyuzi hizo zitajaza waya wote na kuufanya mgumu kama msumari.

Cha tatu ni joto. Elektroniki zilizo karibu na damu na tishu haziruhusiwi kupata moto.

Cha nne, na pengine ndicho kigumu kuliko vyote, ni kwamba waya lazima ubaki kuwa waya. Unaoona vizuri lakini haugeuki, hauteleze au hausukumiki hautamfikisha daktari popote.

Hatua moja kubwa ilitangazwa mwaka 2014 na watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Levent Degertekin. Badala ya fuwele, walitumia vitando vidogo mno vilivyowambwa juu ya silikoni mfano wa ngozi juu ya ngoma. Umeme huvitikisa vitando hivyo vikatoa sauti, na mwangwi ukivigonga hutoa umeme. Kwa kuwa hutengenezwa kama chipu za kompyuta, elektroniki zake ziliwekwa kwenye silikoni hiyo hiyo.

Chipu hiyo ilikuwa duara la milimita 1.5, yenye vipande 56 vya kutoa sauti na 48 vya kupokea. Kwa kuwa ishara zilichakatwa papo hapo, nyuzi 13 tu zilitosha mahali ambapo zaidi ya 100 zingehitajika. Ilitumia umeme wa miliwati 20, kiasi kidogo kisichozalisha joto jingi, na iliweza kutoa picha 60 kwa sekunde za kile kilicho mbele. Katikati yake palikuwa na tundu la milimita 0.43 ili waya wa kuongozea upite.

Tundu hilo linaeleza mafanikio na pengo kwa pamoja. Jicho linaloangalia mbele lilipatikana, lakini lilikuwa pete inayouzunguka waya, si waya wenyewe. Ili liingie ndani ya waya, kipenyo chake kingepaswa kupunguzwa takriban mara 4.

Njia nyingine ni kuacha umeme kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa University College London (UCL) walionyesha kifaa kinachotumia nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Mwale wa leza hugonga utando ulio kwenye ncha, utando hupata joto kwa muda mfupi mno na kutoa sauti, na mwangwi husomwa kwa mwanga pia. Kifaa hicho kiliingizwa ndani ya sindano na kutumika katika moyo wa nguruwe. Uzi wa kioo ni mwembamba kuliko nyaya nyingi za umeme, ndiyo maana njia hii inatazamwa kwa matumaini.

Pamoja na hatua hizo, waya wa milimita 0.36 unaoongozeka na wakati huohuo kuchora picha ya kilicho mbele yake haujawa kifaa cha kawaida hospitalini.

Faida na mipaka yake

Waya wa namna hiyo ukikamilika, daktari ataweza kuona kama ncha inaelekea kwenye kovu laini au kwenye kalsiamu, na kama bado imo ndani ya njia. Dawa ya rangi, ambayo huweza kudhuru figo, itapungua. Muda wa mionzi kwa mgonjwa na kwa watumishi utapungua pia. Kwa ateri ndefu za miguu, ambazo hufungika kwa sentimita nyingi, faida inaweza kuwa tofauti kati ya mguu unaobaki na unaokatwa.

Lakini kifaa kizuri hakijibu swali la nani atibiwe. Jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kuwa kufungua ateri iliyofungika kwa muda mrefu huwapunguzia wagonjwa maumivu ya kifua na kuboresha maisha yao. Jaribio la Korea Kusini lililochapishwa mwaka 2019 halikupata tofauti katika idadi ya vifo na mashambulio ya moyo. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa hasa kwa mtu anayeteseka licha ya kutumia dawa, si kwa sababu tu picha imeonyesha kizuizi.

Jambo la pili ni gharama. Katika Afrika Mashariki tiba hii, inayojulikana kwa wengi kama upasuaji wa tundu dogo, hutolewa katika vituo vichache, miongoni mwake Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi. Waya na mirija ya ultrasaundi vimekusudiwa kutumika mara moja, na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Waya wenye chipu ndani yake hautakuwa wa bei nafuu unapoingia sokoni.

Upo hata hivyo upande mwingine wa hesabu. Kinachoadimika kuliko fedha ni mikono iliyozoea, ile inayoweza kuhisi kwa vidole tofauti ya njia na ukuta. Mikono hiyo hujengwa kwa mamia ya wagonjwa na miaka ya mafunzo. Waya unaoonyesha kilicho mbele ungempa daktari wa kituo chenye wagonjwa wachache sehemu ya kile ambacho mwenzake wa Tokyo amekipata kwa uzoefu. Kwa nchi zenye wataalamu wa kuhesabika, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko ukali wa picha.

Hadi siku hiyo ifike, ulinzi wa mwanzo unabaki uleule: kupima shinikizo la damu na sukari, kuacha sigara, kutumia dawa za kupunguza kolesteroli pale daktari anapoagiza, na kufika hospitali mapema maumivu ya kifua yanapoanza. Ateri isiyoziba haihitaji waya wa aina yoyote.